Miaka miwili ya Hanania: niliyojifunza mume wangu alipougua figo

Mume wangu alifariki akiwa na miaka 44, mwezi wa saba, wakati upepo wa Dodoma unavuma mchana kutwa na vumbi linaingia mpaka ndani ya mtungi wa maji. Figo zake zilikuwa zimeshindwa. Tangu daktari alipotuambia mpaka tulipomzika ulipita mwaka na ushee. Nimezaliwa na kulelewa kanisani, lakini katika mwaka huo nilisomewa mistari ya Biblia kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu. Mingine ilinishika mkono. Mingine iliniumiza, kwa sababu waliotuletea waliing'oa mahali pake na kuipachika pasipo pake.

Ninaandika kwa ajili ya mama au baba aliyekaa leo kwenye benchi la hospitali, mgonjwa wake yuko ndani, na simu inaingia ujumbe baada ya ujumbe: usiogope, Mungu atarudisha. Atarudisha. Ninaliamini hilo kwa moyo wangu wote, na ndilo linaloniamsha asubuhi. Lakini ni lazima ujue amesema atarudisha nini, na amesema lini. Asiyejua anaweza kuuziwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa, na ikishindikana akamdai Mungu deni ambalo si lake.

Kwetu ni upande wa Chamwino. Mwenye kuijua Dodoma anajua mvua zetu: msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili, milimita 500 hadi 600 mwaka ukiwa mwema, kisha ukame mpaka Desemba nyingine. Tunalima uwele na mtama kwa chakula, karanga kidogo, na zabibu kwa pesa. Mume wangu alirithi shamba la mizabibu kwa baba yake, akaliongeza kwa mikono yake. Mizabibu huku kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka ukiipogoa kwa wakati na kuipa maji, na mavuno hayo ndiyo yaliyokuwa yakilipa ada na kuezeka nyumba.

Alianza kuvimba miguu. Kisha akawa anaamka usiku kukojoa mara kwa mara, hamu ya kula ikaisha, akawa anasema chakula kina ladha ya chuma. Kwenye zahanati walimpima presha, yule mhudumu akarudia kupima akidhani kipimo kimekosea. Presha ilikuwa juu sana, na kwa maelezo ya madaktari ilikuwa juu kwa miaka mingi bila kumuuma popote. Presha haigongi hodi. Inakula figo kimya kimya, na mtu anaendelea kubeba ndoo na kuchimba mashimo kama kawaida. Kama kuna jambo moja la mwili utakalolichukua katika maandishi haya, lichukue hili: mtu mzima apimwe presha hata kama haumwi, na mkojo upimwe kama una protini. Ni vipimo vya bei ndogo.

Tulipofika hospitali kubwa mjini tukaambiwa figo zote mbili zimefika mwisho, asafishwe damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Aliwekewa mpira mwembamba shingoni wa kupitishia damu. Kila kipindi kilikuwa zaidi ya shilingi 200,000, bila dawa, bila sindano ya kuongeza damu, bila nauli na chakula cha msindikizaji. Bima ndogo ya kaya tuliyokuwa nayo haikuhusika na mashine. Piga hesabu mwenyewe ya mara tatu kwa wiki kwa mkulima. Tuliuza mbuzi, tukauza ng'ombe, tukauza nusu ya mizabibu kwa bei ya mtu mwenye shida. Baadaye ikawa mara mbili kwa wiki, na miezi ya mwisho kuna wiki ilikuwa mara moja.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, kwa hiyo hilo nalo tuliuliza. Anayetoa figo hutakiwa awe ndugu, na awe mzima. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alijitolea bila kuombwa. Alipopimwa akakutwa naye ana presha. Nilimwona alivyotoka chumba kile. Alikuwa amekuja kutoa kiungo cha mwili wake kwa ajili ya kaka yake, akarudi na kadi ya kliniki ya presha.

Nayaeleza haya ili uelewe kwa nini shemeji alifanya alichofanya baadaye. Hakuwa mjinga wala mwenye imani haba. Alikuwa anampenda kaka yake na amekosa njia.

Mtu alimpeleka kwa mtumishi mmoja aliyekuwa akifanya mikutano mjini. Mtumishi yule akamwambia ameoneshwa familia yetu, kwamba kilicholiwa na nzige kitarudishwa, na kwamba kabla mwaka haujaisha kaka yake atatembea akiwa na figo mpya ambazo hakuna daktari aliyezipandikiza. Ila kuna sadaka ya kufungua mlango huo, na iwe ya kuuma. Mstari aliousimamia ni Yoeli 2:25: "Nami nitawarudishia hiyo miaka iliyoliwa na nzige." Shemeji aliuza ng'ombe wake wawili wa maksai, wale wa kulimia. Akaja nyumbani na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu siku ya vipimo.

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Wakati huo alikuwa anaongea kwa kupumzika pumzika, pumzi haikutosha. Hakumkemea mdogo wake. Aliniomba nilete Biblia, akasema tusome Yeremia 28.

Sijawahi kuisikia sura ile ikihubiriwa, na nadhani inafaa isomwe katika kila nyumba yenye mgonjwa. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, ameshachukua watu na vyombo vya hekalu kwenda kwake. Yeremia anatembea na nira shingoni kuonesha kwamba utumwa huo bado upo. Anasimama nabii mwingine, Hanania, ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, anasema kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi, vyombo, mfalme, na mateka wote. Yeremia anajibu "Amina". Hilo lilinigusa sana. Naye alitamani iwe hivyo! Hakufurahia kuwa mtu wa habari mbaya. Hanania anaivunja ile nira, watu bila shaka wakashangilia. Kisha neno la Bwana linamjia Yeremia kwamba Hanania amewatumainisha watu kwa uongo, na Hanania anakufa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

"Mdogo wangu," mume wangu akasema, "Hanania hakusema Mungu hatarudisha. Kurudishwa kulikuwa kweli. Uongo wake ulikuwa kwenye ile miaka miwili."

Shemeji hakujibu. Ng'ombe walishauzwa.

Usiku ule tuliendelea na sura ya 29, ambayo ina mstari wa 11 unaopendwa kuliko yote, ule wa mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho. Nimeuona kwenye kanga, kwenye vioo vya daladala, kwenye kadi za harusi. Lakini mstari wa 10 unasema itakuwa baada ya miaka 70. Sura ile ni barua ya Yeremia kwa mateka, watu ambao wengi wao wangezeeka na kufa Babeli. Na Bwana hakuwaambia wakae wakisubiri. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule waliochukuliwa mateka. Ahadi ilikuwa ya hakika, mwenye kuahidi alikuwa mwaminifu, na watu wengi walioisikia hawakuiona ikitimia kwa macho yao. Mambo haya matatu yanasimama pamoja katika sura moja. Ukitoa moja, mengine yanaharibika.

Kwa mume wangu hii ilikuwa afueni. Labda unashangaa. Aliniambia kwamba tangu augue kila mgeni alimwachia kazi: aamini zaidi, atubu zaidi, akiri kwa kinywa zaidi, kana kwamba figo zinasubiri imani yake ifike kipimo fulani. Alipoona kwamba uaminifu wa Mungu haukupimwa kwa nani amepona na nani hajapona, alianza kulala vizuri. Tuliendelea kuombea uponyaji. Nilifunga na kuomba, kina mama wa kanisa walikuja kuomba naye kila wiki, mchungaji alimpaka mafuta kama Yakobo 5 inavyoagiza, na tulimaanisha. Mungu anaponya, nimeona watu wakipona. Tuliacha tu kumwekea tarehe.

Sura ya 32 ndiyo iliyobadilisha mambo ya nyumbani. Mji umezingirwa na jeshi la Babeli, Yeremia yuko kifungoni katika uwanda wa walinzi, na katika hali hiyo Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake Hanameli huko Anathothi, nchi ambayo adui ameshaikalia. Analipa shekeli 17 za fedha. Anaandika hati, anaweka mashahidi, anatia muhuri, anamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Kwa nini? Kwa sababu Bwana amesema: "Nyumba, na mashamba, na mashamba ya mizabibu, yatanunuliwa tena katika nchi hii." Yeremia mwenyewe hakulilima shamba lile. Alichukuliwa kwenda Misri, na Biblia haituambii kwamba alirudi.

Mume wangu aliposikia "mashamba ya mizabibu" alitabasamu. Asubuhi akasema anataka mambo mawili.

La kwanza ni karatasi. Shamba lililobaki lilikuwa na hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lake peke yake. Hati hizi hutolewa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na inawezekana mume na mke wakaandikwa pamoja. Alimwita mwenyekiti wa kijiji na mtendaji nyumbani, akaomba niingizwe. Ilichukua muda, safari za kwenda na kurudi, na maswali kutoka kwa baadhi ya ndugu waliouliza kama tayari anajichimbia kaburi. Aliwajibu kwamba Yeremia aliandika hati akiwa kifungoni. Akaandika pia madeni yote, tunayodai na tunayodaiwa, akasaini mbele ya mashahidi. Nyaraka zote tukaziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya dari, mbali na mchwa.

Wapo wanaodhani kuandika wosia au kurekebisha hati wakati wa ugonjwa ni kumkatia Mungu tamaa. Nimeona matokeo ya fikra hiyo kwa wajane wawili wa kijijini kwetu, waliobaki wakigombania mashamba waliyoyalima wenyewe. Mimi nilipofiwa, nilipata cheti cha kifo, tukakaa kikao cha familia, muhtasari ukaandikwa, nikaenda nao Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi nikateuliwa msimamizi. Sikulala hata usiku mmoja nikiogopa kuondolewa. Tafadhali, kama mwenzio bado ana nguvu ya kushika kalamu, andikeni. Imani katika mambo yajayo inaruhusu kabisa kutunza karatasi za mambo ya sasa.

La pili alilotaka ni kupanda. Ilikuwa Desemba, mvua za kwanza zimegusa ardhi. Alitaka miche mipya ya mizabibu iingie kwenye kipande kilichobaki. Mzabibu ukipandwa leo unahitaji miaka miwili mpaka mitatu kabla ya mavuno ya maana, na yeye alijua, na mimi nilijua. Alikaa kwenye kiti chini ya mti akielekeza, watoto wakichimba mashimo na kutia samadi. Jua lilikuwa kali na yeye alikuwa ameruhusiwa maji ya kikombe kwa kipimo, maana figo hazitoi tena maji mwilini. Nani asiyeishi Dodoma ataelewa kiu ile? Alikuwa anasukutua na kutema.

Wale waliokuja kututazama walidhani ni tangazo la kupona. Mmoja akasema kwa sauti, "Hiyo ndiyo imani, atazila zabibu hizi mwenyewe!" Yeye akasoma Habakuki 3, kwamba hata mizabibu isipokuwa na matunda na zizi likiwa tupu, bado nabii atamfurahia Bwana. Zizi letu lilikuwa tupu kweli. Nilikuwa nalitazama wakati anasoma.

Mwaka ukaisha. Shemeji alikwenda kwenye mkesha wa mwaka mpya wa yule mtumishi, akarudi alfajiri, akaingia chumbani kwa kaka yake kumtazama. Miguu ilikuwa imevimba vile vile. Mtumishi alipoulizwa, alisema katika familia kuna mtu mwenye shaka aliyezuia. Tangu siku hiyo shemeji hakukanyaga kanisa lolote kwa muda mrefu. Hakupoteza maksai tu. Alimpoteza Mungu ambaye hata hivyo hakuwa yule aliyetajwa na Biblia, na alipompoteza huyo hakujua kama kuna mwingine. Hasara hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Pesa za hospitali zilikwenda kwenye mashine iliyompa mume wangu mwaka wa kukaa na watoto wake, sizijutii. Pesa za ile sadaka zilinunua tarehe.

Kwa hiyo kama mtu akikuletea ahadi, muulize mambo ya kawaida. Mstari huu aliambiwa nani? Mbele yake na nyuma yake pameandikwa nini? Je, tarehe hii imo kwenye maandiko, au ameiongeza yeye? Na kwa nini ahadi ya Mungu inahitaji ng'ombe wangu ili ifanye kazi? Yoeli aliyesema habari za miaka iliyoliwa na nzige aliwaita watu wamrudie Bwana kwa kufunga na kulia, wararue mioyo yao wala si mavazi yao. Hakuomba malipo.

Mume wangu alifia nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa amemshika kichwa. Ni mama mzee sana, mama yake mzazi alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya vita vya kwanza vya dunia na baada yake, 1917 hadi 1920, majeshi yalipochukua nafaka na ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakataa. Watu walikufa kwa maelfu. Simulizi zake zilipita kwa mama kwenda kwa binti. Tulipokuwa tumekaa msibani, kuna dada alianza kumwambia yule bibi asilie, mwanawe yuko pazuri. Bibi akamjibu, "Mwanangu, Yesu alijua atamfufua Lazaro na akalia. Niache."

Hakuna mahubiri ya msiba yaliyonisaidia kama maneno hayo. Paulo anaandika kwa Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hakuwakataza kuhuzunika. Kwa miezi kadhaa maombi yangu yalikuwa Zaburi ya 88 pekee, zaburi inayoanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na kuishia gizani, bila mstari wa mwisho wa kupoza. Nilishukuru kwamba imo ndani ya Biblia. Kama uko katika hali hiyo, isome kwa sauti, na usijilazimishe kuongeza furaha ambayo mwandishi hakuiweka.

Waliokuja kufariji na kufaulu walileta unga wa uwele, walichota maji, walipalilia. Kuna jirani aliyepogoa mizabibu yetu msimu ule bila kusema neno hata moja la kiroho. Ukienda kwa mfiwa na hujui la kusema, nenda na jembe.

Nusu ya ile miche ilikauka. Iliyobaki imeshika na sasa inazaa. Nilipovuna mara ya kwanza, watu walinipongeza kanisani: umeona, Mungu amerudisha! Nilisema asante na nikamshukuru Mungu, maana mavuno ni mkate wake wa kila siku. Lakini nyumbani niliwaeleza watoto wazi kwamba zabibu si fidia ya baba yao. Tukafungua Ayubu. Mwanzoni Ayubu alikuwa na kondoo 7,000 na ngamia 3,000. Mwishoni alipewa kondoo 14,000 na ngamia 6,000, kila mnyama mara mbili. Ila watoto alikuwa nao kumi, wakafa, akapewa kumi. Hawakuongezwa mara mbili. Wasomaji wa tangu zamani wamelieleza hivi, nami nimelishika: ng'ombe aliyekufa amekwisha, lakini watoto kumi wa kwanza hawakupotea mbele za Mungu. Ayubu ana ishirini.

Hata mateka wa Yuda waliporudi kweli, mfalme Koreshi wa Uajemi alipotoa amri mwaka 538 kabla ya Kristo, furaha yao haikuwa kamili. Ezra 3 inasema msingi wa hekalu ulipowekwa, watu wengi walipiga kelele za shangwe na wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, hata watu wasiweze kutofautisha sauti ya furaha na sauti ya kilio. Ndivyo ilivyo kila Mungu anaporejesha kitu katika dunia hii. Nafanya kazi shambani nikiimba na kulia siku hiyo hiyo, na sioni aibu.

Kurudishwa kwenyewe, kule ninakokungojea, kumeandikwa kwa lugha nyingine kabisa. Petro, katika Matendo 3, anaziita siku hizo zamani, yaani nyakati, za kufanywa upya vitu vyote. Paulo katika Warumi 8 anasema viumbe vyote vinaugua pamoja vikisubiri, na sisi tunasubiri ukombozi wa mwili wetu. Mwili! Haikuishia kwa roho kwenda pazuri. Mwanangu wa mwisho aliniuliza kama baba akifufuka atakuwa na ule mpira shingoni. Nilimsomea Wakorintho wa kwanza 15, hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu. Akauliza kama atakunywa maji mengi. Nikamwambia ndiyo, anavyotaka. Ufunuo 21 inasema mwenye kiu atapewa chemchemi ya maji ya uzima bure, na aliyeketi kwenye kiti cha enzi anasema, "Tazama, nayafanya yote kuwa mapya." Hapo hakuna tarehe. Ipo ahadi ya yule ambaye kaburi lake mwenyewe lilikutwa wazi siku ya tatu, na kwa hiyo naiamini.

Shemeji ameanza kuja Jumapili moja moja. Hakai mbele. Sikumwambia chochote kuhusu ng'ombe, na nimewakataza watoto. Mwaka jana aliomba tusome tena Yeremia, akaanza mwenyewe kuanzia sura ya 28 mpaka ya 32 kwa mkao mmoja, nasi tukamsikiliza. Nawashauri wote wenye wagonjwa mzisome hivyo, zote tano pamoja, bila kuruka kwenda kwenye mstari mnaoupenda.

Na mtu akikuomba sadaka ili mgonjwa wako apone, ifikishe pesa hiyo kwenye dirisha la malipo la hospitali, au nunua mashine ya kupimia presha ikae nyumbani. Shemeji anayo ya kwake sasa. Anapima kila asubuhi na kuandika kwenye daftari, na kliniki hajakosa.